AU ikawa NA

Siku hizo kila mlango ulifunguka kwa fomula aliyoiandika mwenye nyumba. Ya Nakijwa ilisema: akiwa ndugu AU mwalikwa, fungua. Mama yake mdogo Namsifu, aliyemlea tangu utotoni, alikuja kila asubuhi kumsimulia yaleyale. Jumatatu moja, kazi zikiwa zimemwelemea, Nakijwa alifuta AU akaweka NA. Sasa ndugu asiyealikwa hakuweza kuingia.

Namsifu alifika na bakuli la makande. Mlango ukagoma.

"Nakijwa, mwanangu, leo mlango haunitambui."

Nakijwa alikuwa hatua tatu tu ndani. "Mtandao unasumbua, mama. Hata mimi siwezi kutoka."

"Pole, mwanangu. Basi nakuachia chakula hapa barazani, usije ukashinda na njaa."

Namsifu alipoondoka, Nakijwa alirudisha AU, akalichukua bakuli. Lilikuwa bado la moto. Hakuweza kula.

Kesho yake Namsifu alikuja mikono mitupu. Mlango ukafunguka wenyewe mbele yake, lakini alibaki nje akipiga hodi.

"Karibu, mama, pita ndani."

"Una hakika, mwanangu? Nisije nikauharibu mlango tena."