Wapigaji Bandia

Bi Zuhura alimpelekea mwanawe Hemedi hotpoti la wali ofisini, ambako yeye na wenzake walikuwa wakijaribu mfumo wa simu za video. Kwenye skrini kubwa ukutani akauona uso wake mwenyewe, safu kwa safu, na kila uso ukilia: "Hemedi, njoo upesi, baba yako anakuita."

"Kumbe ni wewe, mama!" akafurahi binti aliyefanya kazi na Hemedi. "Hawa ni wapigaji bandia. Wanapiga wote kwa mpigo, tuone kama mfumo utahimili. Hemedi ndiye aliyetupa video hii. Sauti yake safi sana."

Bi Zuhura akamgeukia mwanawe. "Siku ya mazishi ya baba yako uliniambia video hii haikukufikia."

Hemedi akazima sauti. Ukutani, midomo yote ikaendelea kumwita.