Pembe Iliyokunjwa

Waliohudhuria kikao walikuwa wanne: Profesa Raif Sungur, mkuu wa chuo na mwenyekiti wa kamati ya historia, Profesa Mualla Gökbel wa idara ya uchoraji, mwalimu kijana Nejdet Akalın, aliyekuwa katibu wa kamati, na Bwana Saffet Oruç, mtunza kumbukumbu. Hakuna aliyeomba udhuru.

Michoro kumi na tisa ilikuwa imetandazwa sakafuni, ofisini kwa mkuu, chini ya dirisha linalotazama mlango-bahari wa Bosfori. Ilikuwa ya mtihani wa kuingia wa mwaka 1951, na yote ni ya waliofeli. Kila karatasi ilikunjwa pembe moja na kubandikwa kwa gundi juu ya jina la mchoraji. Desturi ya chuo ilikuwa kufungua pembe za waliofaulu tu. Aliyefeli hakufunguliwa, ili aibu yake isiingie katika majalada.

Sasa, miaka thelathini na mmoja baadaye, akademia hiyo ya sanaa ilikuwa inageuzwa kuwa chuo kikuu cha serikali, na Profesa Mualla alitaka kitabu cha historia kiwe na ukurasa wa kuomba radhi. Mchoro bora miongoni mwa waliokataliwa ungefunguliwa, na mwenyewe, akiwa hai, angepewa shahada ya heshima.

Saffet alisimama karibu na mlango. Mchoro wa saba aliujua kabla hajaushusha kutoka rafuni. Mara nyingi, katika miaka yote ya kazi yake, alikuwa ameubeba hadi kwenye jiko ili auchome, na kila mara aliurudisha. Kuuchoma kungekuwa wizi wa pili.

Mualla alisimama penye ule ule.

"Huu hapa. Itazameni shingo hii. Jopo lile lilikuwa na macho kweli, au vifungo vya koti?"

"Ni mchoro wa kawaida," alisema Raif. "Tutafute mwingine."

"Wa kawaida? Raif, umezeeka." Mualla alipiga goti sakafuni. "Nejdet, wewe unaona nini?"

"Mistari ya kivuli imelalia upande wa pili, mwalimu. Aliyechora ni mashoto."

"Kumbe! Kama mwenyekiti wetu."

Raif aliihamisha bilauri ya chai kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. "Mashoto tuko wengi," alisema.

"Tungekulinganisha naye, ila ukuta wako mtupu kama wa kinyozi asiye na kioo. Sisi wote tumetundika michoro yetu ya kuingilia. Wako uko wapi?"

"Nimeshakwambia. Ulipotea tulipohama jengo."

Saffet alitazama viatu vyake. Mwaka ule yeye na Raif walikuwa vijana wawili kutoka mji wa Kayseri, wenye chumba kimoja na koti moja la baridi. Zilipobaki dakika chache mtihani uishe, Raif alitokwa na damu puani, akapelekwa nje. "Niandikie jina, Saffet, uikabidhi," alisema akiwa ameinua kichwa. Saffet alibaki na karatasi mbili mbele yake: sanamu moja ya jasi waliyopewa kuchora, iliyochorwa na mikono miwili. Aliona ya Raif inapumua. Akaandika jina lake juu ya mchoro wa Raif, na jina la Raif juu ya mchoro wake mwenyewe. Akakunja pembe zote mbili, akazigandisha.

Siku ya matokeo lilisomwa jina la Raif. La Saffet halikusomwa. Alikuwa ameiba mchoro uliofeli.

Raif alilia siku ile kana kwamba aliyekosa ni yeye. Saffet akaenda kuandika vibao vya maduka. Raif alipopata kazi ya ualimu, jambo la kwanza alilofanya ni kumtafutia rafiki yake nafasi katika chumba cha kumbukumbu. Tangu hapo Saffet alikaribishwa mezani kwake kila Ijumaa.

"Bwana Saffet, tufungulie," alisema Mualla, akimpa kisu cha karatasi.

"Tuuache, Bi Mualla."

"Tuuache vipi? Umekuwa mlinzi wa makaburi? Huenda mtu huyu anauza mikate ya simiti feri inapotia nanga, na sisi tumekaa na shahada yake."

Saffet alipokea kisu. Alipiga magoti, akaingiza ncha chini ya ile pembe, kisha akasita. Jina likionekana, Raif angejua kila kitu kwa kulisoma tu. Afadhali alisikie kwa kinywa chake.

"Raif," alisema, bila cheo wala heshima, kama walivyoitana katika kile chumba. "Mchoro huu ni wako. Jina lililomo humu ni langu. Niliuiba ulipotoka nje. Nimekula chakula chako miaka yote hii, na sikukwambia."

Akakata gundi. Karatasi ikafunguka, na Nejdet akasoma kimyakimya, *Saffet Oruç*. Kalamu yake haikuandika. Mualla alimtazama mtunza kumbukumbu, kisha mkuu.

Raif aliiweka bilauri mezani. Alikwenda kwenye kabati lililo nyuma ya kiti chake, akalifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa karatasi iliyoviringwa na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Aliitandaza sakafuni kando ya mchoro wa saba: sanamu ile ile ya jasi, mistari ikilalia upande wa kulia, na pembeni *Raif Sungur*, kwa mwandiko wa Saffet.

"Katibu, andika uamuzi," alisema. "Jopo la mwaka ule halikukosea. Shahada ni ya Bwana Saffet, kwa mchoro huu niliokabidhiwa siku ya matokeo, nikautambua kuwa ni wake, nikaufungia kabatini."