Maharage ya Amira

"Ulienda choo lini?"

Khadidja alikuwa amemshika binti yake kidevu, akiugeuza uso kwenye mwanga. Watu wa mabenchi ya jirani walisikia, wakajifanya hawakusikia. Hakujali. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua kwa mdomo huo, na aibu haijawahi kumponya mtu.

"Tangu juma ianze, apana," Amira alinong'ona.

"Na damu ya mwezi?"

"Imechelewa tena. Lakini si mimba, mama. Wallahi."

"Nimekuuliza mimba?"

Chunusi zilikuwa nyekundu, ngumu, zenye usaha, zimeshuka mpaka kwenye kola ya sare ya shule. Mwaka jana uso huu ulikuwa laini kama ganda la yai. Khadidja alisomea lishe, diploma anayo, hakuhitaji vipimo.

"Unakula nini?"

"Mandazi. Mangaribi, mukate na chai."

"Kila siku?"

Amira akaivuta kola juu, akaifunika shingo.

"Sikiliza, we mutoto. Vijidudu vizuri vya tumboni vinaishi kwa nyuzinyuzi za maharage na mboga za lengalenga. Ukivinyima, vibaya vinatawala. Choo kinakwama, homoni ambazo mwili ulishazitupa zinarudi damuni, na uso ndio unalipa. Usipake pomade yoyote. Kula."

"Mu darasa wananiita Nanasi."

"Nanasi lina nyuzinyuzi kukuzidi."

Amira alitaka kucheka, midomo ikamkatalia.

Kati yao kulikuwa na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitambaa. Vainqueur, mlinzi wa geti, alikwisha kuzungusha kijiko chake humo, kama alivyofanya kwa sufuria zote, akaipitisha. Khadidja alifungua fundo. Mvuke ukapanda.

"Kula, nikuone."

"Mi nimeshiba. Kula wewe, mama."

Tumbo la msichana likanguruma, likamuumbua palepale.

Khadidja alimpapasa bega. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya shati.

"Maharage niliyokuagiza, yanapikwa?"

"Yanapikwa."

"Nani anayamaliza? Wenzako wanakunyang'anya?"

"Apana."

"Nani, basi?"

Amira alikifunga tena kitambaa, fundo juu ya fundo, macho chini.

Filimbi ikalia.

"Wageni, inatosha!" Vainqueur alipaza sauti. "Tokeni!"

Amira aliibusu haraka mikono ya mama yake, akamsukumia sufuria mapajani, akakimbia. Hakugeuka nyuma.

"Amira! Rudi uichukue! We Amira!"

Lakini msichana alikuwa ameshavuka geti la gereza, nalo likafungwa nyuma yake. Khadidja alisimama, sufuria kifuani, ingali ya moto, akaenda kujipanga na wanawake wengine wenye nguo za kijani kama zake ili ahesabiwe.