Supu ya Mwani

Upawa wa Shangazi mwenye mgahawa ulisimama hewani, juu ya bakuli tupu la Mun-ho.

"We si una mtihani wa kuingia chuo kesho?" alifoka. "Mwani unateleza, kijana. Uinywe supu leo, kesho uteleze mtihanini, halafu mama yako aje anikabe koo mimi?"

Mun-ho aliinamia daftari lake. Kando ya vijiti vyake vya kulia palikuwa na swali alilolirudia tangu asubuhi: moli nne za haidrojeni zimekutanishwa na moli moja ya oksijeni; yatapatikana maji kiasi gani? Mwaka jana swali kama hilo lilimwangusha, kwa sababu aliipigia hesabu haidrojeni yote bila kuangalia ni kipi kitakachoisha kwanza. Wenzake wakaenda chuo, yeye akabaki.

Sasa alilijua kama jina lake. Oksijeni inaisha. Zinapatikana moli mbili za maji, na moli mbili za haidrojeni zinabaki palepale, hazina cha kuungana nacho.

Simu ikatikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa mama, wa kwanza siku hiyo: "Leo usiguse mwani, mwanangu."

Kila mwaka, siku kama ya leo, mama mwenyewe ndiye aliyempikia supu hiyo.

"Nikupe ya maharage?" Shangazi aliuliza, sauti imelegea.

Mun-ho alilishika bakuli kwa mikono miwili, akalisogeza chini ya upawa.

"Nipe hiyohiyo, Shangazi. Leo ndiyo siku niliyozaliwa."