Kifaa cha Saba Kimekosa Adabu

"Kwa mwendo huu, kesho kifaa chako kitakuwa Kanada," Preben alisema, akacheka mpaka makombo ya mkate mweusi yakamrukia ndevuni.

Pipaluk hakucheka. Tangu asubuhi kifaa chake cha saba cha kupima mwendo wa barafu kilikuwa kikituma habari ile ile kupitia setilaiti: barafu pale kilipofungwa inakimbia. Si kusogea, kukimbia. Vile vingine sita, vilivyotawanywa juu zaidi, mbali na bahari, vilisema barafu inajikokota kama kawaida yake.

Daktari Preben Holck ndiye aliyekuwa baba wa modeli, na kama baba yeyote, hakutaka mwanawe asemwe vibaya. Ilikuwa modeli ya kompyuta ya kutabiri namna barafu ya Grinlandi itakavyoyeyuka na kukatika. Vipimo vilikusanywa ili kuirekebisha. Hilo liliandikwa hata kwenye maombi ya fedha, kwa herufi nzuri. Ila palikuwa na sharti dogo alilolitunga Preben mwenyewe: kipimo kikipishana mno na modeli, kipimo ndicho kibovu, kitupwe. Kwa utaratibu huo modeli ilikuwa imerekebishwa miaka mingi bila kubadilika hata chembe, na Preben akavishwa nishani mbili.

"Kiingize hiki," Pipaluk alisema. "Mara moja tu. Tuone modeli itasema nini."

"Itasema upuuzi, kwa sababu umeilisha upuuzi."

"Na kama barafu imekatika kweli?"

"Modeli inasema itadumu karne nzima. Wewe unajua kuliko modeli?"

"Mimi sijui. Kifaa ndicho kinachosema."

"Kifaa! Kimoja dhidi ya sita! Kwani kwenu Upernavik hampigi kura?"

Pipaluk, mtaalamu wa barafu kama yeye ila bila nishani, aliziinamia tena namba za kifaa. Matokeo yalitakiwa Nuuk, makao makuu, siku hiyo hiyo, ili wavuvi waambiwe kama ni salama kutega nyavu mbele ya barafu ile. Na Preben alikuwa ameshasema waziwazi kwamba mtu wa vipimo vibovu harudi kiangazi kijacho. Pipaluk aliipenda kazi ile kupita kiasi. Ilimuuma kusikia jasho lake likiitwa upuuzi na mtu mwenye makombo ndevuni.

Kikombe cha kahawa kikateleza mezani. Preben akakizuia kwa kiwiko bila kuinua macho.

"Meza hii miguu yake haijawahi kuwa sawa," alisema.

Penseli nayo ikafuata. Taa iliyoning'inia darini ilikuwa ikiyumba polepole.

"Upepo huo," Preben akaeleza, ingawa hakuulizwa.

Upepo ulikuwa umeshakoma. Dhoruba iliwafungia tangu juzi ndani ya kibanda chao cha utafiti, kilichosimama juu ya barafu, theluji ikaziba dirisha lote, wala hakuna aliyejisumbua kulifukua. La nini? Mambo yote ya nje yalikuwa ndani ya kompyuta.

"Basi, yaishe," Pipaluk alisema hatimaye. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye nishani mpishe zaidi. Tena kwa kusimangwa kutwa nzima alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Huenda alikifunga vibaya. Akaandika: kifaa cha saba, kibovu, kitupwe.

Preben akabonyeza kitufe. Modeli ikakubaliana na vipimo vyote vilivyobaki. Akashangilia kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

"Umeona? Shwari kabisa! Watumie Nuuk, waambie wavuvi walale usingizi."

Pipaluk akatuma. Roho ilimsononeka, lakini alituma.

"Sasa nenda kakifungue hicho kituko chako, kisije kikatuaibisha tena."

"Saa hizi? Si ningoje kesho?"

"Kwani kiko mbali?"

Hakikuwa mbali. Kifaa cha saba walikuwa wamekifunga juu ya paa la kibanda hicho hicho.

Pipaluk akachukua bisibisi, akausukuma mlango kwa bega mpaka theluji ikaachia. Mbele yake, palipokuwa na barafu juzi, palikuwa na bahari, na hapo ilisimama meli ya uvuvi, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia walivyoachama vinywa, na nahodha alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti:

"Nyie wenye nyumba! Geuzeni huko, tuna nyavu majini!"