Mnara wa Nane

Asubuhi nilimpigia mama mara nne, na mara zote nne nikaambiwa hapatikani. Sasa ni mchana. Nimekaa mbele ya kompyuta ya kazini, mdogo wangu wa kike yuko kwenye simu, na kumbukumbu za mtandao wetu wa simu zinanionyesha sababu.

Mtandao ulimtafuta mama kwenye mnara wa saba, karibu na nyumbani, ulikomwona mara ya mwisho. Wakati huo alikuwa ameshafikishwa hospitali, chini ya mnara wa nane.

Zamani, simu isipoitika kwenye mnara mmoja, mtandao uliitafuta kwenye minara yote ya jirani. Mwezi uliopita mimi, fundi mjuaji, niliifuta hatua hiyo ili kuipunguzia mitambo mzigo. Bosi alinipigia makofi mbele ya idara nzima.

"Simu alikuwa nayo kifuani," mdogo wangu anasema. "Chaji imejaa. Kila saa ananiuliza, 'Kaka yako hajapiga tu?' Kidole gumba hakikutoka kwenye kile kitufe cha kupokelea. Hata alipokata roho, ilibidi nikiondoe mwenyewe."

Kitufe hicho nakijua. Nilikipaka rangi nyekundu ya kucha, mama asije akakikosea.

"Nilipiga, mdogo wangu. Haki ya Mungu nilipiga."

"Najua, kaka. Usijilaumu bure," anasema. "Makosa ni ya hao watu wa mtandao."