Dole Gumba la Mpika Chumvi

Mbwana alikuwa akichimbua vilima vya kinamasini, walikopikia chumvi watu wa kale, na kila jioni alirudi na vigae vya vyungu vyao. Kimoja alilala nacho.

"Mke wangu, tazama dole gumba la aliyekifinyanga," alisema, akiipapasa alama. "Dogo, laini!"

Mishi alifura. Angekuwa mke mwenza, angemtolea maneno. Huyu mfu angemfanya nini?

Akafinyanga kigae chake, akakikandamiza kwa dole gumba, akakichoma jikoni, kisha akakifukia kwa siri kule kilimani.

Mbwana alirudi akichekelea. "Nimempata mwingine!" Akapitisha kidole kwenye alama, taratibu. "Huyu alikuwa na hasira."

Mishi akaficha mkono ndani ya kanga, akingoja kuona leo atalala na kipi.